Viatu vya Ndesario

Mia na sabini na nane kwa mia na sita.
Nesi Nakiete aliandika kwa kalamu ya bluu,
akapiga mstari chini yake, mara mbili,
kisha akauliza, kama mtu aulizaye bei ya nyanya,
"Kwenu kuna aliyewahi kuanguka?"

Nikasema yupo.
Alianguka bafuni, bomba likaendelea kumwaga.
Tulimzika Kilema, mwezi wa nane, kando ya migomba,
nami nikakabidhiwa sanduku la nguo nigawe,
maana mimi ni fundi, najua kipi kinamfaa nani.
Kila shati lilipata mwili.
Raba tu ndizo zilizokosa mguu.
Arobaini na mbili; mimi navaa thelathini na tisa.
Soli zake hazikuwa na hata chembe ya vumbi.
Alizinunua Memorial, akasema
ataanza Jumatatu.

Basi nikaanza mimi, na ilikuwa Alhamisi.
Gazeti nilikunja nikalisokomeza mbele, kwenye vidole,
kamba nikazikaza kama nafunga mzigo wa mahindi,
nikatoka Majengo taa za barabarani zikiwa bado macho.
Mama Haikaeli alikuwa anafagia uwanja.
"Fundi, unakimbia deni la nani?"
Sikumjibu. Pumzi ya kujibu ningeitoa wapi?

Wageni huja na mikoba yao hapa Moshi
wakalipa fedha nzito ili mlima uwakate pumzi.
Mimi nilikatwa bure,
kona ya kwanza ya Shanty Town,
nikashika mti, nikajifanya natafuta funguo.

Nisiseme uongo kuhusu chumvi.
Mtori usio na chumvi ni kanisa lisilo na kwaya:
ibada ipo, lakini unaangalia saa.
Nilikamua ndimu, nikaponda kitunguu saumu,
na usiku mmoja, nyumba nzima imelala,
nikafungua kopo nikachovya kidole
kama mtoto kwenye sukari ya mgeni.
Asubuhi nilienda mbali zaidi, kwa aibu.

Miaka thelathini nimezungusha utepe viunoni mwa watu.
Daftari langu limejaa: kifua, bega, urefu wa suruali,
sare za shule, gauni la kipaimara, deni, deni, nusu deni.
Sasa kati ya kifua cha mwalimu na kiuno cha bibi harusi
kuna namba zangu, za asubuhi na za jioni.
Hazishonwi. Zinaandikwa tu, na tarehe.

Mvua za mwezi wa nne zilinikuta njia ya Rau.
Gazeti likalowa likawa uji,
raba zikaanza kupiga makofi, pwaa, pwaa,
na pale katikati ya tope nikamkasirikia
kwa mara ya kwanza tangu tumzike.
Jumatatu ngapi, Ndesario?
Jumatatu ngapi zilipita mlangoni kwako zimevaa viatu,
nawe umekaa, unakunywa chai, unazipungia mkono?
Nikalia kwa sauti. Mwenye punda akanipisha.
Kisha nikarudi nyumbani, maana maharage yalikuwa motoni.

Mia na arobaini na nane kwa tisini na mbili.
"Bado," akasema Nesi Nakiete,
lakini safari hii hakupiga mstari.

Leo nimezipeleka kwa Mbwambo, mshona viatu.
Amezigeuza, akasugua soli kwa kidole gumba.
"Zimelika upande. Unaegemea kushoto."
Nikamwambia sikujua.
"Mwenyewe hajui kamwe," akasema. "Kiatu ndicho kinachojua.
Lakini hizi si saizi yako, mama. Nikuuzie nyingine?"

"Shona," nikasema.

Akachukua sindano.
Nikakaa kwenye benchi lake, peku,
miguu yangu midogo, yenye vumbi,
ikinitazama kama watu wawili waliotoka safari
na ambao hawajaulizwa habari za huko.